Kamba Iliyosokotwa Kushoto

Jumatatu, 18 Novemba

Mgongo unaniuma, moyo umetulia. Jana tumezika mitungi ya kimchi, achari yetu ya kabichi na figili. Yaani Davron kachimba na kuzika, mimi nimekaa juu ya gunia natoa amri.

Davron ni mume wa mjukuu wangu Hae-won. Alitoka kwao Uzbekistan kuja kulima matikiti kwenye mabanda ya nailoni ya Pyo, mwenyekiti wetu wa kijiji. Akamwona mjukuu wangu, basi. Nilimkataa majira mazima ya baridi. Halafu siku moja nikateleza kwenye barafu, akanibeba mgongoni mpaka kliniki, njia nzima namtukana na yeye anacheka. Ukishambeba kizee anayekutukana, wewe ni mtoto wa nyumba hii.

Jana kaniuliza, Bibi, kwetu tunazika wafu, nyinyi mnazika kabichi – nayo inaombewa? Nikamwambia inaombewa, chimba!

Tumezika upande wa kaskazini wa kilima, juu ya reli, pale pale alipozika mama mkwe wangu. Jua halifiki. Udongo unaganda mapema, kimchi inakaa tamu mpaka maua yachanue. Mtungi mmoja tumeujaza figili za maji. Miwili inasubiri kabichi za Jumamosi. Na shingoni mwa kila mtungi nimefunga kamba ya mabua ya mpunga, nikachomeka pilipili nyekundu kavu na vipande vya makaa, kisiingie kitu kibaya. Watu wa siku hizi hawafungi. Wana friji. Mimi nafunga.

Kamba yenyewe lazima isokotwe kuelekea kushoto. Ya kulia ni ya ng'ombe. Vijana wote wa hapa imewashinda. Lakini Davron ni mashoto! Mikono inakwenda kushoto yenyewe. Alipomaliza za mitungi akasokota moja ndefu, akaitundika ghalani. Hii ya mtoto, Bibi, nimesikia inafungwa langoni. Nikaenda kuwafokea kuku ili asinione uso.

Hae-won tumbo limeshuka. Siku yoyote sasa.

Nimejaza ukurasa bila kumuuliza mtu herufi! Hapcheon akiona atanuna. Tulianza pamoja darasa la wazee kwenye jengo la kijiji, vizee viwili na penseli, na yeye ananichungulia. Hapcheon si jina lake, ndiko alikozaliwa. Sisi tulioolewa huku tunaitana hivyo.


Jumanne, 19 Novemba

WAMELIPUA FIGILI ZANGU.

Herufi zimetoka kubwa. Na ziwe kubwa.

Asubuhi Pyo kapiga kelele kwenye kipaza sauti cha kijiji: tokeni majumbani, nendeni shuleni, kuna kitu cha hatari kando ya reli. Nikatoka na kandambili. Magari! Watu wamevaa makofia makubwa kama matikiti. Kigari cha chuma chenye mkono mmoja kinapanda kilima changu. Wanasema treni ya wageni wa mataifa imesimamishwa kituo cha nyuma. Wageni wanakwenda mjini kwenye mkutano. Mkutano wa nini? Wa ugaidi!

Nikaona kigari kinaelekea wapi. Nikakimbia. Nina miaka themanini na nilikimbia.

– Huo ni mtungi wangu!

Askari mmoja kijana akanishika kiuno. Rudi nyuma Bibi, kina nyaya nyekundu.

– Nyaya? Hizo ni pilipili! Wewe mtoto wa nani? Mama yako hajawahi kukupikia?

– Tumeagizwa, Bibi.

– Nani kaagiza? Mlete nimfundishe kula!

Ikalia BUUM. Udongo ukaruka, na figili zangu zikanyesha juu ya reli. Mtungi wa mama mkwe wangu. Ulivuka vita ule, ulibebwa kichwani watu wakikimbia mabomu ya kweli, haukupata ufa. Leo umekuwa vigae. Harufu ya kitunguu saumu kilima kizima. Kipande cha figili kikatua begani kwa yule askari. Nikakichukua nikakila mbele yake. Hakijaiva bado. Pole sana, nikamwambia, bomu lako bado bichi.

Watu wakaanza kucheka. Hata wale wa makofia. Nikajua yamekwisha, sasa wataniomba msamaha.

Wakauliza, nani kauzika? Mimi, nikasema. Wakaniangalia mikono. Nani kachimba, Bibi? Na kabla sijadanganya Davron kajitokeza, koleo mkononi, katoka moja kwa moja bandani. Mimi, kasema. Kwa adabu, kainama kabisa kama nilivyomfundisha.

Kicheko kikakatika. Palepale. Mzee wa kijiji akizika mtungi ni kimchi. Davron akizika mtungi ule ule, kwenye shimo lile lile, ni kitu kingine.

Wakamtia garini. Hae-won kang'ang'ania mlango na tumbo lile. Kuna mtu alipiga simu, wanasema. Ile namba iliyo kwenye bango la kituo cha basi, ya kuripoti magaidi.

Nani? Nani wa kijiji hiki?


Jumatano, 20 Novemba

Nimekwenda mjini na Hae-won. Polisi wa upelelezi anayeshika jambo letu anaitwa Tak. Kijana, nywele zimepangwa kama zimepigwa pasi. Kanipa kahawa ya maziwa kwenye kikombe cha karatasi. Sikuigusa.

Nikamwuliza, mlikuta nini kwenye mtungi?

– Figili, Bibi.

– Na kwenye ile miwili mingine?

– Hewa.

– Basi nipe mtoto wangu.

Akavuta pumzi. Akasema mtungi umeisha, hakuna tena habari ya mtungi. Sasa wanaangalia mtu mwenyewe. Usalama, Bibi, hausubiri mpaka mtu afanye. Tunaangalia nani anaweza kufanya.

– Mimi naweza kukupiga na kiti hiki, nikamwambia. Mbona hunifungi?

Hae-won akanivuta mkono wa shati. Askari wa meza ya pili akainama kuficha meno.

Tak akafungua makaratasi. Akasema wamepata jambo zito. Davron ana uhusiano na tukio la ugaidi. Hae-won akawa mweupe kama unga wa mchele. Nikasema soma. Akasoma: Davron alipokuwa mdogo, bomu lililipuka sokoni kwao. Shangazi yake alikuwapo.

– Alilitega huyo shangazi?

– Hapana. Alikufa.

Nikadhani sikusikia.

– Alikuwa anauza mikate, Bibi. Alifariki pale pale.

– Kwa hiyo aliyeuliwa na magaidi, ndugu zake ni magaidi?

– Sikusema hivyo. Nimesema kuna uhusiano. Mtu aliyepitia hayo, huwezi kujua kichwani kumekaa nini.

Mimi najua kumekaa nini! Davron alishanisimulia. Tulikuwa tunamenya vitunguu saumu, akaniambia alitumwa na mama yake kuitafuta miguu ya shangazi, aitambue kwa soksi. Ndiyo maana baluni ikipasuka kwenye sherehe anatoka nje. Katika kijiji hiki chote, katika kituo hiki chote cha polisi, mtu mmoja tu ndiye anayejua ugaidi una sura gani. Na ndiye mliyemfungia!

Nikamwuliza Tak, ugaidi ni nini? Niambie wewe uliyesoma. Mimi sijawahi kukalia dawati la shule.

Akasema ni kitendo cha kutishia usalama wa taifa na wa umma.

– Nani anapima kama nimetishia?

– Kamati.

– Na kamati inapima kwa kipimo gani?

Akatazama saa.

Kuna kamati itakaa Ijumaa ya wiki ijayo. Ikimwita Davron mtu wa hatari, kibali chake cha kuishi kinafutwa, anapandishwa ndege. Na akishapewa jina hilo harudi tena. Mpaka hapo hatuoni hata kivuli chake.

Tulipotoka nilikirudia kile kikombe nikakimwaga kwenye ua la plastiki.


Alhamisi, 21 Novemba

TV inaonyesha mkutano wa wageni. Wana bendera, wana maji ya chupa. Profesa mmoja wa miwani anaeleza. Kasema dunia bado haijakubaliana ugaidi maana yake nini, kuna maana zaidi ya mia. Kila nchi ina yake. Anayeitwa gaidi hapa, kule anajengewa sanamu. Siku mbili wanabishania sentensi moja, na chakula cha jioni kilikuwa kizuri.

Zaidi ya mia! Basi Davron kakamatwa kwa ipi? Wangemchagulia.

Nimeizima TV kwa fimbo. Imepata ufa pembeni. Bado inaonyesha.


Ijumaa, 22 Novemba

Kazaliwa!!

Msichana. Ana nywele nyingi nyeusi kama brashi ya viatu, na ngumi amezikunja kama mimi. Hae-won kajitahidi, kaita jina la Davron mara nyingi, halafu kaniita mimi, mwishowe kamtukana daktari. Damu yangu hiyo.

Nesi kauliza, baba yuko wapi aje akate kitovu? Nikasema yupo kazini. Nesi mwingine kamnong'oneza. Ni yule wa mtungi. Nesi wa kwanza karudi nyuma hatua moja! Mbele ya kitoto kilichozaliwa sasa hivi, bado kina utelezi!

Mkasi nikaushika mimi.

Hae-won amekataa kumpa jina. Baba yake atampa, kasema. Ubaoni juu ya kitanda wameandika tu: mtoto wa Hae-won.


Jumamosi, 23 Novemba

Siku ya kimchi nyumbani kwangu. Kila mwaka zamu yangu ni leo, kabla ya kwa Pyo. Wanawake wote huja na glavu zao nyekundu, tunakaa duara, tunapaka pilipili jani kwa jani, tunasengenya mpaka mate yanakauka. Kabichi nilizilaza kwenye chumvi jana, nilipotoka hospitali. Ikishalala kwenye chumvi haingoji mtu.

Sikumwona hata mmoja.

Mmoja kapiga simu, ana mafua. Mwingine kapita nje kwa haraka kaangalia milima. Milima ina nini leo, haikuwepo jana? Pyo kaja mpaka langoni, hakuingia. Kasema, Mama, watu wana watoto, hebu tuliza kwanza mambo. Nikamwambia, mtu huyu amekulimia matikiti yako, ulimwita mwanangu mbele ya wanunuzi. Akasema, Mama, mimi sina neno naye, lakini serikali haiwezi kumshika mtu bure.

Nimemrushia kabichi. Ya chumvi, ni nzito. Imempata.

Na Hapcheon? Hapcheon hajaja. Tumepaka kabichi pamoja tangu nywele zetu nyeusi. Kamtuma mtu aseme miguu.

Nimepaka peke yangu. Mikono inawaka. Zilizobaki zinalala tena kwenye maji. Mbaya kabisa hiyo, zitalegea.


Jumatatu, 25 Novemba

Hapcheon ndiye aliyepiga simu.

Naandika tena nione kama inaandikika. Hapcheon ndiye aliyepiga simu.

Kaja asubuhi mwenyewe, bila kubisha. Nilikuwa nasuuza kabichi. Akasimama nyuma yangu akasema, shoga, macho yangu si unajua. Nikasema najua, umeshindwa hata kusoma herufi kubwa ubaoni. Akasema, nilikuwa natoka kwa binti yangu, nikaona kwa mbali mtu anachimba juu ya reli. Mrefu, si wa hapa. Anateremsha kitu shimoni, chekundu chekundu. Sikujua ni Davron! Naapa sikujua.

– Na mimi niliyekaa pale juu ya gunia?

– Nilidhani ni gunia.

Ningecheka. Siku nyingine ningecheka nikaanguka.

Alikuwa na hofu, anasema. Bango la kituo cha basi, TV wiki nzima, wageni wanakuja, fungueni macho. Tangu utotoni tumeambiwa ukimwona mgeni anachimba piga ripoti. Usipopiga nawe una lako. Akapiga. Sauti ya msichana mpole ikamuuliza, mtu huyo ni mgeni wa nchi, Mama? Akasema ndiyo. Hakuulizwa kitu kingine.

Hakuulizwa kingine chochote!

Nikamwuliza, ulipojua ni Davron, Jumanne ile ile, kwa nini hukusema? Aliyekubebea gunia lako la mchele mpaka jikoni. Aliyekubadilishia taa. Mikono anaifinyanga. Kisha kasema, ningesema wangeniuliza kwa nini nilipiga, na kwa nini sasa nageuka. Wangesema namtetea. Wangeuliza ukoo wangu.

Nikajua anasema nini. Anayezungumza pale si Hapcheon wa leo, ni yule mtoto wa vita. Mimi na yeye tulikuwa na miaka sita. Baba yangu waliwahi kumpa shayiri, akatia dole gumba kwenye karatasi asiyoweza kuisoma, kumbe ni orodha ya wekundu, wakomunisti. Kiangazi cha vita wakaja na lori. Mwekundu, wakasema. Baba yangu hakujua mwekundu ni nini, alidhani wanamsema uso, alikuwa ameungua jua. Akapanda lori. Alivaa kofia ya mabua. Hakurudi. Na kaka zangu walikosa kila kazi maisha yao yote kwa sababu ya kofia ile. Kijijini kwao Hapcheon nako lori lilifika, baba yake hawakumchukua, majirani ndio. Aliona. Alifunga mdomo, akamfundisha na binti yake kuufunga. Akaufunga mpaka leo, na siku alipoufungua aliufungulia kwa simu ile.

Neno limebadilisha shati tu. Lori ni lile lile.

Lakini sikumwonea huruma. Nasema kweli. Nilimwambia toka. Nikamwambia nikikuona njiani nitavuka. Akaondoka bila viatu, nikavitupa nyuma yake, kimoja kimeingia mtaroni. Nikabaki na kabichi.

Halafu jioni nikatoka na koleo nikakitoa kiatu mtaroni. Sijui kwa nini. Kipo hapa mlangoni. Kinanikera.


Jumatano, 27 Novemba

Tak kapiga simu. Sauti ya chini. Kasema hakupaswa kuniambia, lakini kamati ina kitu kimoja tu mkononi, ile simu ya kwanza. Aliyepiga akija mwenyewe aseme aliona nini na hakuona nini, inaweza kusaidia. Nikamwuliza, kwa nini unaniambia? Kasema, nilionja ile figili. Ilikuwa imenasa kwenye buti langu siku ile kilimani.

Mtu wa ajabu.

Kwa hiyo nimebeba kiatu, nimekwenda kwa Hapcheon. Nilisema nitavuka nikimwona, na leo ni mimi niliyepiga hodi! Nilikiweka kizingitini. Nikasema, sikusamehe, usijidanganye, nimekuja kwa ajili ya kichanga. Nenda ukaseme.

Akasema hawezi. Mwanawe wa kiume anafanya kazi bandarini, kwenye lango la ulinzi, akisikika mama yake kahojiwa habari za ugaidi itakuwaje? Nikasema hukuhojiwa ulipopiga. Akasema kupiga ni kitu kingine, wanaopiga wanashukuriwa. Wamempelekea boksi la taulo! Lina nembo. Lipo juu ya friji, hajalifungua.

Nikamwambia hivi. Nimefikiri wiki nzima, na mimi nina maana yangu, wakaihesabu na zile mia zao. Gaidi ni mtu anayeumiza wasiojua lolote, ili wanaobaki waogope na wafanye atakavyo. Yule aliyetega bomu la mikate ni gaidi, akamatwe, na asikutane na mimi. Hapo sibishani na yeyote. Lakini nitazame mimi, Hapcheon. Kijiji kizima kimeogopa kuja kula kabichi. Wewe umeogopa mpaka boksi la taulo. Nani kawatia hofu hiyo? Davron?

Alikuwa anakitazama kiatu. Nikamwachia.


Ijumaa, 29 Novemba

Wamekuja nyumbani, mama na mtoto. Kumeanguka theluji nyepesi. Watu wa hospitali walitaka wakae zaidi, Hae-won kagoma. Nataka nyumbani, nataka kwa Bibi. Nimewasha moto chini ya sakafu kupasha chumba, mpaka mgongo wa paka umenyooka.

Nikaenda ghalani. Kamba ya Davron ipo pale pale alipoitundika. Imekauka vizuri, imebana, hakuna bua lililochomoza. Kwa msichana ni makaa na matawi ya msonobari. Nikachomeka. Mikono inauma na pilipili ya Jumamosi. Nikaifunga langoni, nguzo kwa nguzo. Sasa wiki tatu asiingie mtu wa nje. Ndivyo ilivyo. Mfalme angesubiri nje.

Kamati inakaa leo. Sijasikia kitu. Simu nimeiweka kifuani.

–

Naendelea. Kuna gari.

Limepanda polepole, jeusi, la polisi. Limesimama mbele ya lango. Katoka Tak, nywele zina theluji. Kioo cha nyuma ni cheusi, sioni ndani. Kuna kichwa. Nadhani kuna kichwa. Kinaweza kuwa cha askari mwingine aliyekuja kupekua. Walisema huenda watapekua.

Nimemwambia ukiwa na habari isemee hapo. Kasema lazima aingie, ndiyo utaratibu, kuna kitu cha kusainiwa ndani ya nyumba mbele ya mke. Kitu gani? Hakusema. Kafika kwenye kamba. Kaiona. Mguu ulikuwa umeshainuka.

– Pita, nikamwambia. Ivuke. Mama yako alifunga kama hii siku uliyozaliwa, na hakuna mtu aliyeivuka, ndiyo maana uko hai. Pita basi.

Mguu kaurudisha.

Na njiani anapanda mtu mwingine, anachechemea, kabeba rundo la mwani wa supu ya mzazi. Hapcheon. Na viatu vyote viwili. Kafika, kaona kamba, naye kasimama nje. Hakunitazama. Kaenda kwenye gari akaanza kugonga kioo na ngumi. Mimi ndiye niliyepiga! Mimi! Andika! Sikuona uso, niliona mgeni tu! Tak anamwambia Mama, subiri, mama yangu, polepole. Yeye anagonga. Mwani umeanguka kwenye theluji. Macho anayo mabovu, mimi juu ya gunia hakuniona, lakini gari kaliona!

Sasa mimi nimekaa kwenye kigoda nyuma ya lango, daftari gotini, siondoki. Nje Tak kageuka kando, anaongea na simu. Na mkubwa wake. Namsikia vizuri kabisa.

– Hapana mkuu, hajakataa... Kuna kamba... Kamba, mkuu. Ya mabua... Langoni... Ndiyo, ina vitu vimechomekwa. Makaa, na majani... Hapana mkuu.

Ananitazama juu ya kamba.

– Hapana, mkuu. Hailipuki.

Ndani mtoto kaanza kulia. Sauti nzito, ya kugombana. Hapcheon kaacha kugonga. Na kile kioo cheusi cha nyuma kinashuka, kidogo kidogo, na mkono unatoka. Wa kushoto.